Mguu Usiokanyaga

Daktari Shang alizibandika picha mbili za eksirei kwenye kioo chenye taa, ya mke kushoto na ya mume kulia, kisha akaziangalia. Aliziangalia muda mrefu kuliko walivyopenda. Mwishowe Qu Baoliang akashindwa kuvumilia. Miaka ishirini ya kuchochea makaa kwenye boila ilikuwa imemzoeza kupaza sauti hata mahali pasipo na kelele.

"Daktari, mbovu ni ipi?"

"Zote mbili."

Mkewe, Miao Guizhen, alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba kaupakata. Alizitazama zile picha kama mtu anayetazama nguo za watu wengine zilizoanikwa. Vivuli vyeupe, vivuli vyeusi. Hakuona kitu.

"Mwaka jana mlipougua homa ile ya mapafu," daktari alisema, "mlichomwa homoni nyingi sana. Msizilaani. Bila zile sindano msingekuwa hapa. Lakini zimeziba vijishipa vinavyoulisha mfupa. Hapa, kwenye kichwa cha paja, pale kinapoingia kwenye nyonga. Mfupa haupati damu. Unakufa."

"Mfupa unakufaje na mwenyewe mzima?" aliuliza Baoliang.

"Ndivyo hivyo. Unakufa mwenyewe yuko mzima."

Baoliang alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepunjwa dukani mbele ya watu. Daktari hakucheka. Alichukua kalamu akaonyesha ukingo wa duara, kwanza kwenye picha ya mke, kisha ya mume.

"Habari njema ni kwamba vichwa vyote viwili bado ni duara. Havijabonyea. Naweza kutoboa tundu, nikakwangua palipokufa, nikajaza mfupa mzima nitakaouchukua kwenye ukingo wa kiuno chenu wenyewe. Mkichelewa kikabonyea, hapo hakuna cha kuokoa tena. Ni kukikata na kuweka cha chuma. Na chuma kwa mtu wa miaka arobaini kitalika. Atakatwa tena, na tena."

"Basi tutoboe," alisema Baoliang.

"Kutoboa ni kazi yangu, saa mbili tu. Kazi ngumu ni yenu. Baada ya hapo mguu huo usikanyage kwa miezi minane. Sisemi mtembee polepole. Nasema usikanyage chini. Mnaishi wapi?"

"Ghorofa ya tano."

"Kuna lifti?"

"Lile jengo lilijengwa kabla ya kuzaliwa mimi."

"Nani yupo nyumbani?"

"Mama yangu. Ana miaka sabini na miwili."

Daktari alizizima taa za kioo. "Basi hamwezi kulala wote wawili kwa pamoja. Mmoja aanze, mwingine afuate. Na huyo anayengoja asibebe kitu. Hata ndoo. Magongo, kuanzia leo."

"Aanze nani?" Guizhen aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

Daktari alimwelekezea Baoliang kalamu. "Yake imeliwa zaidi. Ningekuwa nachagua mimi, ningeanza na mumeo."

*

Jioni ile Mama Qu alipika tambi za mchuzi wa maharage, akakata matango membamba kama njiti. Alingoja mpaka mwanawe alipochanganya bakuli lake ndipo akauliza. Baoliang alimweleza yote, huku akitafuna, kana kwamba anasimulia habari ya boila lililopasuka mtaa wa pili.

"Basi uanze wewe," alisema Mama Qu. "Daktari kasema, yameisha."

"Mama, hayajaisha. Guizhen analipiwa na hospitali yake. Aliupata ugonjwa kwenye chumba cha kufulia, akiwa kazini, wamemwandika. Mimi sikuandikwa. Kwangu ni yuan elfu thelathini kabla hata ya kupanda kitandani."

"Kwani homa si ile ile?"

"Ile ile."

"Sasa kwa nini yeye alipiwe na wewe usilipiwe?"

"Yeye aliipatia kazini. Mimi niliipatia nyumbani."

"Uliipata kwake," alisema Mama Qu.

Hakuwa amepandisha sauti. Alikuwa ameshalisema neno hilo mara nyingi tangu mwaka uliopita, na kila aliposema alitazama ile picha ya marehemu mumewe juu ya kabati la vyombo. Guizhen alikuwa amewafulia wagonjwa mashuka kwa siku kumi kabla mtu yeyote hajamwambia avae barakoa. Siku ya kumi na moja alirudi nyumbani na kikohozi, akampikia mkwewe uji. Yule mzee hakufika mwisho wa mwezi.

Guizhen aliinuka akamwongezea mama mkwe mchuzi.

"Mama anasema kweli," alisema. "Nitakwenda ofisini kwao. Nitawaambia ile nafasi yangu wampe Baoliang."

"Nafasi si kiti cha basi, umwachie mtu akae," alisema Baoliang.

"Nitawauliza tu. Kuuliza si kosa."

"Guizhen."

"Kula, tambi zinashikana."

*

Ofisini alipokewa na Bi. Teng, mwanamke mwenye miwani ya kamba aliyekuwa akimenya mbegu za alizeti na kupanga maganda yake juu ya gazeti. Walifahamiana. Zamani Guizhen alikuwa akimfulia makoti yake meupe, na mara mbili alimrudishia fedha alizozisahau mifukoni.

"Dada Miao! Umenenepa."

"Ni zile homoni, Bi. Teng. Uso haujarudi." Guizhen aliiweka karatasi ya daktari mezani. "Nimekuja na ombi. Operesheni yangu mmeikubali. Naomba afanyiwe mume wangu kwa nafasi ile ile. Yeye ana hali mbaya zaidi. Mimi nitasubiri, sitadai kitu."

Bi. Teng aliisoma karatasi mpaka mwisho, akairudia tena.

"Mumeo anafanya kazi hapa?"

"Hapana. Boila la mtaani."

"Aliambukizwa wapi?"

"Kwangu."

"Kwako ni wapi? Andika mahali."

"Kwangu, mimi. Nilimwambukiza mimi. Na mimi niliambukizwa hapa."

"Mimi nakuelewa, dada. Lakini hapa pameandikwa mahali. Nikiandika 'kwa mkewe', wataniuliza mke ni idara gani." Alijicheka mwenyewe, kisha akaona uso wa Guizhen akaacha. "Sikiliza nikushauri kama ndugu. Chukua yako. Ukiikataa, haiendi kwa mumeo. Inafutwa. Ukirudi mwezi ujao utakuta mtu mwingine kaja na sheria nyingine, na wote wawili mtakuwa mnachechemea."

"Hakuna wa juu yako ninayeweza kumwona?"

"Wapo. Ila watakuuliza hayo hayo, na hawatakuita dada."

Guizhen aliikunja karatasi yake. Bi. Teng akamsogezea mbegu za alizeti. Alichukua tatu, kwa sababu kukataa kungeonekana kiburi, akazishika mkononi mpaka alipofika nje.

*

Guizhen alipasuliwa mwezi wa kumi. Wachukuzi wawili waliomrudisha nyumbani kwa machela walisimama chini ya ngazi wakahesabu madirisha kwa kidole, kisha wakasema kila ghorofa ina bei yake. Baoliang alilipa. Mlango wa Bi. Luan wa ghorofa ya chini ulifunguka kidogo, ukafungwa. Tangu mwaka ule wa homa, watu wa ngazi ile walikuwa wamejifunza kuwapisha akina Qu kwa namna ambayo huwezi kuilalamikia. Mtu alikumbuka kasahau funguo, au alikuwa na haraka.

Kitanda cha Guizhen kilisogezwa karibu na dirisha. Mguu wa kushoto uliwekwa juu ya mto, na hapo ukabaki. Alijifunza kuoshwa, kugeuzwa, kuletewa chombo cha haja. Hilo la mwisho halikumwingia kabisa. Mama Qu alikileta mara nne kwa siku, akakiweka chini yake bila kumtazama, akageukia ukuta.

"Umemaliza?"

"Bado, mama. Samahani."

"Samahani ya nini? Haja ni haja. Mimi nilimtawaza bibi yake Baoliang miaka sita. Yeye alikuwa mkwe wangu, mimi nilikuwa kijana. Sasa kibao kimegeuka, mzee anamtawaza kijana. Umemaliza?"

Baoliang naye alikuwa na siri yake. Magongo aliyaacha kwa fundi viatu penye kona, akayapitia kila jioni kabla ya kupanda ngazi, ili mkewe amwone nayo. Kazini hakuthubutu. Msimu wa boila kupasha nyumba za mtaa joto ungeanza katikati ya Novemba, na alikwenda kwa msimamizi, Bwana Fan, kuomba awekwe kwenye geji, kusoma kipimo cha mvuke, badala ya koleo la makaa.

"Geji ni kazi ya wazee," alisema Bwana Fan. "Una nini?"

"Nyonga inaniuma kidogo."

"Kidogo ni kidogo. Ikiwa ni kubwa niletee cheti. Ila nikuambie mapema, Baoliang, usije ukanilaumu. Cheti kikisema huwezi koleo, mkataba unasema koleo."

Hakuleta cheti. Walikuwa wamekubaliana na Guizhen kwamba kufikia majira ya kuchipua yeye atakuwa ameanza kukaa vizuri, nao watakuwa wamechangisha, wamekopa, wameuza ile baiskeli ya magurudumu matatu. Kisha itakuwa zamu ya Baoliang. Ilibidi mfupa wake usubiri miezi sita tu. Usiku walipolala, kila mmoja kwa upande wake mzuri, mke humwuliza mume, "Leo umebeba?" naye hujibu, "Nibebe nini? Nimekaa kama bwana harusi."

*

Lori la kabichi liliingia uani Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Kwa watu wa umri wa Mama Qu, hapo ndipo majira ya baridi yalipoanza. Mtu alinunua kabichi zake, akazipanga ngazini kwa safu, akazifunika blanketi kuukuu, akazila mpaka Machi. Katika miaka hamsini hakuwa amekosa hata mwaka mmoja. Alishuka na mkoba wake, akabishana na muuzaji, akanunua kilo mia moja. Hakumwuliza mtu.

"Bibi, nani atakupandishia?" aliuliza muuzaji.

"Nina nyumba yenye watu."

Kabichi zilishushwa mlangoni mwa ngazi, lundo la kijani na nyeupe. Muuzaji akaondoka. Vijana wawili wa ghorofa ya pili walipita, wakamwamkia, wakakumbuka wana haraka. Mama Qu akachukua kabichi mbili, moja kila kwapa, akaanza kupanda.

Safari ya kwanza alifika. Ya pili alifika. Guizhen, kitandani, alisikia vishindo vya kabichi vikitua nje ya mlango, na pumzi ya mama mkwe ikichanika kama kitambaa.

"Mama! Mama, umenunua kabichi?"

"Nyamaza, ulale."

"Ngapi, mama? Waachie watoto wa Bi. Luan wakupandishie, uwape chochote!"

"Watoto wa Luan hawanywi hata maji ya mlangoni kwetu."

Safari ya tatu hakufika. Baoliang, aliyekuwa anatoka kazini saa ile, alimkuta mama yake amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, kabichi kazipakata, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alisimama mbele yake na magongo yake mawili aliyoyachukua kwa fundi viatu dakika tano kabla.

"Wewe pita," alisema Mama Qu. "Napumua tu."

"Ziko ngapi chini?"

"Chache."

Baoliang aliinama juu ya ukingo wa ngazi akatazama chini. Kisha akayaegemeza magongo ukutani.

"Baoliang, usi—"

"Mama, ni kabichi tu."

Guizhen alikuwa na masikio ya mtu aliyelala mwezi mzima akihesabu sauti za jengo. Aliijua hatua ya kila mpangaji. Alipoisikia ile ya mumewe ikishuka bila mgoto wa magongo, aligeuzia uso mlangoni akapiga kelele.

"Baoliang! Acha! Ziache huko huko zioze!"

Hatua zilipanda, nzito, moja kubwa na moja fupi. Kitu kilitupwa mlangoni. Zikashuka.

"Baoliang! Unanisikia? Mama, mkataze!"

Alijiinua kwa viwiko. Aliuteremsha mguu wa kulia, ule mzima, ukagusa sakafu ya baridi. Mguu wa kushoto ulikuwa bado juu ya mto. Kati ya kitanda na mlango palikuwa na hatua sita. Magongo yake yalikuwa upande wa pili wa chumba, Mama Qu aliyasogeza asubuhi alipofagia. Angeweza kuruka kwa mguu mmoja, na akianguka, angeanguka na ule wa kushoto. Angeweza kukanyaga. Hatua sita tu. Alikaa hapo, nusu ndani ya kitanda na nusu nje, akiita jina la mumewe. Hatua zilipanda tena, zikashuka tena. Alihesabu safari saba. Hakuinuka.

Katika safari ya nane alisikia kabichi zikibiringika. Zilianguka ngazi baada ya ngazi, bila haraka, mpaka moja ikagonga mlango wa mtu kule chini. Baada ya hapo hatua hazikupanda tena.

Mama Qu aliingia chumbani baada ya muda. Kwenye shali yake palikuwa pameng'ang'ania jani.

"Amekaa," alisema. "Anasema hajambo. Anasema anapumzika." Akashika nguzo ya kitanda. "Hawezi kuinuka, Guizhen."

*

Hakukuwa na haja ya Daktari Shang kuonyesha kwa kalamu. Safari hii hata Mama Qu aliona. Ile duara ilikuwa imebonyea juu, kama yai lililochemshwa likagongwa na kijiko.

"Nilisema hata ndoo," alisema daktari.

Aliizima taa ya kioo.

"Sasa kuokoa hakuna. Atumie magongo, ameze dawa za maumivu, aishi nayo mpaka atakaposhindwa kabisa. Hapo tutaweka ya chuma."

"Ya chuma ni bei gani?" aliuliza Mama Qu.

Daktari alitaja. Mama Qu akaitika kwa kichwa, kwa adabu, kana kwamba ametajiwa jina la mtu asiyemjua.

Bwana Fan alikuja mwenyewe nyumbani na kreti ya mayai, akakaa kwenye kigoda, akasema boila bila Baoliang si boila. Kisha akatoa karatasi ya kutiwa saini. Baoliang alitia saini. Alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni kwa magongo, kama inavyotakiwa, akasimama hapo mpaka hatua zake zikapotea.

Walizila zile kabichi majira yote ya baridi. Kabichi na tofu, kabichi na tambi za wanga, kabichi ya siki. Kuzitupa kungekuwa dhambi juu ya dhambi, kwa hiyo walizila mpaka jani la mwisho. Ila Mama Qu hakusema tena lile neno lake kwamba mwanawe aliupata ugonjwa kwa mkewe. Guizhen aligundua baada ya wiki kadhaa, kama vile mtu anavyogundua saa ya ukutani imesimama.

Siku moja, mwezi wa kwanza, Mama Qu alileta chombo cha haja, akageukia ukuta kama kawaida.

"Zilikuwa rahisi," alisema kwa ukuta. "Mwaka ule mwingine zilikuwa bei mara mbili. Nikasema, zikiwa rahisi hivi, mtu anaziachaje."

Guizhen alikuwa na maneno mengi ya mwaka mzima, yamejipanga kooni kwa zamu zao.

"Ni kweli, mama," alisema mwishowe. "Zilikuwa rahisi. Na mimi niliwasikia. Nilisikia safari zote, sikuinuka."

"Ungeinuka tungekuwa na wawili."

"Ndiyo, mama."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

*

Mwishoni mwa mwezi wa sita picha mpya ilionyesha kwamba nyonga ya Guizhen imeshika. Mfupa wa kupandikizwa ulikuwa umeota, duara imebaki duara. Daktari Shang, ambaye hakuwa mtu wa kutabasamu, alimwita mwenzake wa chumba cha pili aje atazame. Alimruhusu akanyage, kwa gongo moja, nusu saa kwa siku.

"Nusu saa ikiisha, kaa," alimwambia. "Sijali uko wapi. Sokoni, barabarani, harusini. Kaa. Mfupa huu ni kama mtoto mchanga, unaweza kumwangusha bado."

Kwenye teksi ya kurudi alipanga jinsi ya kumwambia Baoliang. Alifikiria kusema "afadhali kidogo". Alifikiria kusema daktari hakuwepo. Alipanda ngazi kwa makalio, moja moja, kinyumenyume, kama alivyofundishwa, na alipofika juu mumewe alikuwa amefungua mlango, ameegemea magongo yake, shati jeupe kalipiga pasi.

"Imeshika?"

"Imeshika."

Baoliang alichukua taulo lililokuwa begani akajifunika uso. Mabega yalimtikisika. Mama Qu na Guizhen walisimama hawajui watazame wapi. Alipolitoa, macho yalikuwa mekundu na alikuwa anacheka.

"Mama, tuna mguu! Kanunue nyama ya kondoo. Hata gramu mia mbili."

Wiki mbili baadaye uvumi ulifika mtaani. Kulikuwa na ofisi imeanza kuandika majina ya wale walioambukizwa majumbani na ndugu zao waliofanya kazi hospitalini. Watakaoandikwa watalipiwa nyonga za chuma. Wengine walisema orodha itafungwa Ijumaa, wengine walisema imeshafungwa. Ilikuwa Jumatano. Baoliang alisema ni maneno ya watu. Guizhen alikuwa ameshavaa viatu.

Alikuta foleni imetoka nje ya jengo, imepinda kona. Joto la Julai lilikuwa limeiva, lami inanata kwenye soli. Mbele yake palikuwa na baba mmoja mwenye magongo, na mbele ya huyo mama kijana mwenye kiti cha magurudumu, na kuendelea hivyo mpaka mlangoni. Watu walikuwa wakisalimiana kwa kuulizana "moja au zote mbili?"

Dakika kumi, walikuwa wamesogea hatua nne. Guizhen alitazama saa yake, akahamishia uzito kwenye gongo. Dakika ishirini. Mlinzi alipita akisema wasikae kwenye vizingiti, wanaziba njia, na kwamba atakayetoka kwenye mstari atarudi nyuma kabisa.

"Ndugu yangu," Guizhen alimwambia mlinzi, "siruhusiwi kusimama zaidi ya nusu saa. Niandikie namba, nikae pale kivulini."

"Hakuna namba. Hapa kila mtu ana mguu wake, mama. Nikikupa wewe nitampa nani na nimnyime nani?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililouma. Guizhen akamgeukia mwanamke wa nyuma yake kumwomba amshikie nafasi. Yule mwanamke akaangalia pembeni. "Walio mbele watasema mimi nimeingiza mtu," alinong'ona. "Nisamehe, dada. Mimi nimekuja kwa ajili ya mwanangu."

Dakika ya ishirini na nane. Kichwani mwake aliiona ile duara kwenye kioo cha taa. Aliiona kama kitu walichompa akishike kwa muda, si chake peke yake. Alifikiria kurudi nyumbani na kesho kuwahi zaidi. Alifikiria Ijumaa.

Alikuwa mwanamke msafi, Guizhen. Miaka kumi na tisa ya kufua ilimfanya asiweze kuona doa bila vidole kumwasha. Asubuhi ile alikuwa amevaa suruali yake ya kijivu, ile ya pekee isiyo na kiraka, ili makarani wasimdharau. Alilaza gongo lake chini. Akaushika ukuta, akajishusha taratibu, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, mpaka makalio yakagusa lami ya moto katikati ya miguu na magongo ya watu, penye mate na vichungi vya sigara.

"Mama, umeanguka?" aliuliza yule baba wa mbele.

"Sijaanguka. Nimekaa. Wakisogea niambie."

Waliposogea aliweka viganja chini, akajisukuma mbele. Watu walimtazama, kisha wakaacha kumtazama, ambayo ilikuwa huruma yao. Wakisogea, naye anajisukuma. Mtoto mmoja alicheka akapigwa kofi na mama yake. Kwenye kizingiti mlinzi alimwinulia gongo lake asilikanyage mtu. Viganja vilichubuka. Ndani kulikuwa na sakafu ya vigae, na vigae vilikuwa vya baridi, akashukuru.

Zilipita karibu saa tatu. Yule baba wa mbele alimaliza, akaondoka. Dirisha lilikuwa juu, na karani wa ndani, kijana mwenye tai, alitazama nje akaona nafasi tupu, na nyuma yake mwanamke anayesubiri.

"Anayefuata!" aliita. "Nani anafuata? Hamna mtu?"

Mkono wenye vumbi uliinuka kutoka chini, ukaweka juu ya meza picha moja kubwa nyeusi na kitambulisho cha Qu Baoliang.

Karani aliinuka kwenye kiti chake, akainama nje ya dirisha kumtafuta mwenye mkono.

"Niko hapa chini," alisema Guizhen. "Andika."